Daftari la Mbunge: Namna Ninavyofuatilia Kazi ya Mheshimiwa Wetu

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na Januari yangu haina Jumapili. Pia ni katibu wa chama cha akina mama 22, na ukatibu huo ndio ulioniingiza katika haya. Siasa yenyewe siipendi.

Ilikuwa Julai 2024. Jirani alifiwa, na mbunge wetu akaja matangani kama wanavyokuja wote. Alipopewa nafasi ya kusema akauleta ule Mswada wa Fedha, wa kuongeza ushuru, uliowafanya vijana waingie barabarani kuandamana. "Niliwapigania hadi dakika ya mwisho," akasema. Wengine wakapiga makofi, wengine wakaguna. Jumamosi iliyofuata, kwenye chama, hatukuzungumza mikopo wala faini. Tulibishana juu ya mheshimiwa. Mama mmoja akaapa alimsikia redioni akiutetea mswada. Mwingine akasema huo ni uzushi, mtoto wa watu anasingiziwa. Mwenyekiti akachoka, akanigeukia: "Katibu, kelele hizi usiziandike. Nenda katafute, utuletee jibu."

Nikaenda kwa mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi saiba, duka la intaneti. Akacheka. "Shangazi, kwani Bunge nalo halina katibu? Huko huandikwa kila neno." Akanifungulia. Nilichokiona kilikuwa kumbukumbu za mkutano kama ninazoandika mimi, ila za watu wanaolipwa kuhudhuria. Tarehe 20 Juni jina la mheshimiwa lilikuwa upande mmoja wa kura. Tarehe 25 Juni, siku ya kura ya mwisho, halikuwa upande wowote. Sasa hiyo dakika ya mwisho aliyoipigania ilikuwa ipi?

Tangu siku hiyo nina daftari. Makatibu wa vyama vingine wameshaniuliza nalitunza vipi, na nimechoka kueleza mmoja mmoja huku pasi inapoa. Haya hapa kwa wote.

Jua kwanza unamfuata nani

Ukipiga kura Kenya unawapeleka Nairobi watu watatu: mbunge wa eneobunge lako, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na seneta. Wawili wa kwanza wanakaa Bunge la Taifa, lenye wabunge 349: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa wanawake, 12 walioteuliwa na vyama. Spika ni wa 350. Seneti ina maseneta 67 na Spika wao.

Tofauti hii si ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Nimemsikia mtu sokoni akimtukana seneta kwa ushuru wa mkate. Seneta huyo hakuwa na kura. Miswada ya fedha huanzia na kuishia Bunge la Taifa, na mikataba na nchi za nje nayo hupelekwa huko. Seneti uiulize kuhusu mgao wa pesa za kaunti na magavana wanaotakiwa kung'olewa. Zahanati isiyo na dawa usimpelekee mbunge kabisa, hiyo ni ya gavana na mwakilishi wadi, hata kama mbunge ndiye aliyekuja kupigwa picha siku ya kukata utepe.

Chagua mmoja. Mimi nilianza na wote watatu nikashindwa kabla Agosti haijaisha.

Daftari lenyewe

Nunua la kurasa 200, lenye jalada gumu. Kila ukurasa nimeupiga mistari ukawa na safu nne: tarehe; alichosema na mahali alipokisemea; alichofanya Bungeni; ushahidi uko wapi. Kazi yote iko kati ya safu ya pili na ya tatu. Safu ya pili hujaa haraka, maana kila msiba, kila harambee na kila mahojiano ya redio yanaingia humo. Ya tatu hukaa nyeupe muda mrefu, na usiijaze kwa kubahatisha.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika kwa mfuatano wa siku. Baada ya miezi mitatu sikuweza kupata kitu. Sasa kila jambo lina kurasa zake: ushuru, elimu na basari (msaada wa karo), ardhi na nyumba, usalama, nchi za nje. Matano yanatosha. Chagua yanayowauma nyinyi, si yanayopigiwa kelele runingani.

Na uandike mazuri kwa wino uleule. Mheshimiwa wetu aliwahi kumwuliza waziri swali zuri sana kuhusu upungufu wa walimu, akabana hadi akapata tarehe. Nimeliandika, na kwenye chama nilisoma kwa sauti. Daftari la kumvizia mtu kwa mabaya tu halitaaminiwa na yeyote, hata na wanaomchukia.

Karatasi tatu za Bunge

Tovuti ya Bunge ina vitu vingi, na mgeni hupotea humo. Mimi nafungua vitatu tu. Kuna Orodha ya Shughuli, inayosema leo Bunge litajadili nini. Kuna Kumbukumbu za Vikao, zinazosema kilichoamuliwa. Na kuna Hansard, yenye kila neno la kila aliyesimama. Bunge la Taifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, vipindi vya alasiri vikianza saa nane na nusu. Ukimwona mheshimiwa wako ana hafla ya kijijini Jumatano saa tisa mchana wakati Bunge halipo likizoni, hilo peke yake linaingia safu ya pili.

Hansard ni ndefu, kikao kimoja huweza kupita kurasa 50. Usiisome yote. Tafuta kwa jina la eneobunge badala ya jina la mtu, kwa sababu wabunge wenye jina moja ni wengi, na Hansard humtaja msemaji pamoja na eneobunge lake na chama chake. Mwakilishi wa wanawake mtafute kwa jina la kaunti. Saiba kazi hii hunichukua dakika kumi, na nyingi kati ya hizo ni za kungoja mtandao.

Sehemu kubwa ya Hansard ni Kiingereza. Lakini kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na anayezungumza Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Hata Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zina toleo la Kiswahili, nami nimelisoma jioni nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kiingereza changu ni cha darasa la nane. Palipokaza nampa mpwa wangu anitafsirie, kisha namwuliza mwalimu mmoja jirani kama mpwa wangu hakunidanganya.

Vikao pia hurushwa moja kwa moja, hata kwenye YouTube. Mimi husikiliza nikikunja pindo za sketi, kwa sababu pindo nazishona kwa mkono na hazina kelele.

Kuna pia Mzalendo, shirika lililoanzishwa na Ory Okolloh na Conrad Akunga, linalofuatilia wabunge na kutoa ripoti ya walivyochangia. Ni msaada mkubwa, ila ujue unachosoma. Hesabu ya mara ngapi mtu amezungumza haikwambii alisema nini. Kwenye chama chetu tunaye mama ambaye huongea katika kila ajenda, na katika miaka sita hajaleta wazo hata moja. Bungeni nako mtu anaweza kusimama mara arobaini, thelathini zikawa hoja za nidhamu za kumkatiza mwenzake. Kwa hiyo ukiona jina la mheshimiwa wako juu kwenye ripoti, fungua Hansard usome mbili tatu kati ya hotuba hizo.

Kura: hapa ndipo pa kukaa

Bungeni kuna kura za aina mbili, na usipozitofautisha utadanganywa kila siku. Ya kwanza ni ya sauti. Spika huuliza, wanaokubali husema ndio, wanaokataa husema la, naye huamua kwa sikio ni upande gani uliovuma zaidi. Hakuna jina linaloandikwa. Mambo mengi hupita hivyo. Mbunge akija kukwambia alipinga jambo lililopita kwa sauti, hana ushahidi wala wewe huna, isipokuwa kama alisimama kuchangia. Hapo soma hotuba yake.

Ya pili ni ya mgawanyiko. Wabunge wa kutosha wakiidai, kengele hulia, milango hufungwa, na kila mtu huhesabiwa kwa jina. Hii ndiyo dhahabu. Swali langu la kwanza siku zote ni hili: ilikuwa ya sauti au ya majina?

Chukua ule Mswada wa Fedha wa 2024, uliotuletea ugomvi. Tarehe 20 Juni, baada ya kusomwa mara ya pili, wabunge 204 waliunga mkono na 115 wakapinga. Tarehe 25 Juni, kwenye kura ya mwisho, waliounga mkono walikuwa 195 na waliopinga 106. Nilikaa na hesabu hiyo usiku, mashine nimeifunika. Jumla ya kwanza ni 319, ya pili 301. Pande zote mbili zilipungua. Ina maana kuna watu waliohesabiwa Alhamisi tarehe 20, lakini Jumanne tarehe 25 hawakuonekana, huku vijana wakiwa nje ya ukuta wa Bunge na baadaye ndani yake. Ukiisoma kura ya tarehe 25 peke yake, hao huwaoni. Lazima uweke orodha mbili sambamba, jina kwa jina, kama unavyolinganisha vipande vya kitambaa kabla ya kukata.

Kutokuwepo nako usikuhukumu haraka. Mtu huugua, hujifungua, hutumwa na kamati. Katiba, kifungu cha 103, inasema mbunge hupoteza kiti akikosa vikao 8 katika kipindi kimoja cha Bunge bila idhini ya maandishi ya Spika na bila kutoa maelezo ya kuridhisha, kwa hiyo karatasi ya idhini ni kitu cha kuuliza. Lakini kuna kukosekana kwa ugonjwa na kuna kukosekana kwa hesabu, na hukumu ya lipi ni lipi hutoka kwenye daftari: alikuwepo asubuhi? Alikuwepo kesho yake? Alihutubia mkutano gani jioni hiyo?

Linganisha na tarehe 8 Oktoba 2024, Bunge lilipopigia kura hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua: 281 wakakubali, 44 wakakataa, mmoja hakuegemea upande. Siku ya namna hiyo kila kiranja, yule anayekusanya kura za wabunge wa chama chake, anajua mtu wake yuko wapi. Ukiona jina la mheshimiwa liko siku za namna hiyo na halipo siku za ushuru, andika tu. Usiongeze maneno yako, msomaji wa daftari ataona mwenyewe.

Bado hatujamaliza kura, kwa sababu kuna hatua ambayo wengi huiruka. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, hutajwa jina tu. Hakuna anayejadili. Kisha hupelekwa kwa kamati, na kamati husikiliza wananchi, maana kifungu cha 118 kinalazimisha hivyo. Kusomwa mara ya pili ni kujadili wazo lenyewe. Halafu huja Kamati ya Bunge Zima, ambapo mswada hufumuliwa kifungu kwa kifungu, na mbunge anayetaka kubadilisha neno huleta marekebisho yenye jina lake. Baada ya hapo husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura ya mwisho.

Marekebisho hayo ndiyo ninayoyathamini kuliko hotuba zote. Hotuba haimgharimu mtu chochote. Marekebisho humlazimu aandike, apeleke mapema, asimame, ashindwe mbele ya watu. Mwaka 2024 mapendekezo ya kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 na kutoza magari ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani yake yaliondolewa tarehe 18 Juni, hata kabla ya kura ya kwanza, yakitangazwa na upande wa serikali pamoja na kamati ya fedha. Kwa hiyo ukikutana na mbunge yeyote anayedai mkate aliuokoa yeye, mwulize kwa adabu marekebisho yenye jina lake yako ukurasa gani. Na akidai aliuzuia mswada wote, mkumbushe kuwa uliopitishwa tarehe 25 ulirudishwa tarehe 26 na Rais aliyekataa kuutia sahihi, akipendekeza vifungu vyote viondolewe.

Mswada wake, hoja yake, swali lake

Hapa nitapita haraka. "Nimepeleka mswada" ni maneno matamu, lakini uliza umefika hatua ipi. Miswada mingi ya wabunge binafsi husomwa mara ya kwanza ikalala hapo, na muhula wa Bunge ukiisha hufa yote. Uchaguzi ni Agosti 2027, hesabu mwenyewe. Hoja ya mbunge ikipita haiwi sheria, ni Bunge limetamka matakwa yake. Swali kwa waziri ni dogo kuliko vyote na mara nyingi lina faida kuliko vyote, kwa sababu jibu huandikwa na lina jina la mtu wa serikali chini yake. Tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakifika wenyewe ukumbini kujibu. Nakili swali, nakili jibu, nakili tarehe iliyoahidiwa.

Basari

Najua hapa nitawaudhi wengi. Kwetu mbunge hupimwa kwa basari. Mimi nashona sare, nawaona wazazi: ukipata basari Januari, mbunge ni mzuri, ukikosa, ni mwizi. Pesa hizo zinatoka mfuko wa NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneobunge, ulioanza mwaka 2003 kama CDF, na sheria ya sasa ni ya 2015. Inatenga angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu. Ni pesa zetu zilizopitia kwake. Hakutoa mfukoni.

Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba, ikaupa mfuko mwisho wa tarehe 30 Juni 2026. Wabunge hawakulala. Julai 2025 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya Katiba yenyewe, jambo linalohitaji thuluthi mbili ya wabunge, yaani 233, na waliounga mkono walikaribia 300. Niliweka takwimu hiyo kwenye ukurasa mmoja na zile za Juni 2024. Sikuandika kitu pembeni.

Cha kufanya: omba orodha ya waliofadhiliwa kwenye ofisi ya mfuko wa eneobunge, na usome ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye hukagua mfuko wa kila eneobunge na kuchapisha. Tafuta jina la eneobunge lako na uone miradi iliyolipiwa ambayo haijaisha. Ofisi ikikataa kukupa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu ombi la maandishi. Mimi niliandika barua, nikaweka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukuandika barua.

Nchi za nje ni mambo ya nyumbani

Ukurasa huu ulikaa mtupu mwaka mzima. Nilidhani mbunge wa huku kwetu hana msimamo wa nchi za nje, hayo ni ya Rais na waziri. Mama mmoja wa chama ndiye aliyenizindua. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Riyadh, na mwajiri alikuwa amemshikia pasipoti. Akaniuliza, "Katibu, hilo liko ukurasa gani?"

Halikuwa na ukurasa. Sasa liko la kwanza. Mkataba wa wafanyakazi kati ya Kenya na nchi ya Ghuba ni sera ya nje, na unaingia jikoni mwa mtu. Kwa hilo natazama mambo mawili: kama mheshimiwa ameuliza swali kwa waziri wa leba au wa mambo ya nje, na kama amechangia ripoti ya kamati ya leba inapofika ukumbini. Mpaka sasa ameuliza mara moja.

Kuna milango mingine ya Katiba ambayo msimamo wake lazima upitie. Kifungu cha 240 kinasema majeshi yetu hayapelekwi nje kwa kazi ya kulinda amani bila idhini ya Bunge. Novemba 2022 Bunge la Taifa liliidhinisha wanajeshi zaidi ya 900 kwenda mashariki ya Kongo. Novemba 2023 likaidhinisha polisi 1,000 kwenda Haiti, na Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo ni batili, kwa sababu Baraza la Usalama wa Taifa lina uwezo wa kutuma wanajeshi, siyo polisi. Mwezi Machi ukatiwa sahihi mkataba na Haiti, na kikosi cha kwanza cha 400 kikatua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Ndiyo, siku ileile ya kura ya ushuru. Redio yangu ilikuwa ikiruka kati ya habari hizo mbili, nami nikashona mkono wa shati kwa nyuma.

Suala la Haiti linafundisha namna ya kusoma. Kabla ya hoja kupigiwa kura, kamati huandika ripoti. Kwenye ripoti mna orodha ya wajumbe waliohudhuria na waliotia sahihi, na asiyekubali anaweza kuandika maoni yake tofauti. Kwa hiyo jambo lililopita kwa sauti ukumbini linaweza kuwa na sahihi kwenye kamati. Uliza mheshimiwa wako yuko kamati gani. Akiwa kwenye Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni, daftari lako litakuwa nene. Asipokuwa, utategemea hotuba na kura.

Mikataba nayo: kwa sheria ya 2012, mkataba hupelekwa Bunge la Taifa kuidhinishwa kabla haujafunga nchi. Ule wa biashara na Umoja wa Ulaya ulitiwa sahihi Desemba 2023 na ukaanza kutumika Julai 2024. Ukiwa unalima maua au maharagwe ya kuuza nje, huo ni mkataba wako. Ule wa ulinzi na Uingereza ulileta maswali ya askari wao akifanya kosa hapa atashtakiwa wapi, na mwaka 2024 kamati ilikwenda Laikipia na Samburu kusikiliza watu. Niliona hapo kwamba kamati huweza kuja mpaka kwenye ukumbi wa mji wako, na anayefika na karatasi iliyoandikwa ndiye anayeingia kwenye ripoti.

Mabalozi pia hupitia Bunge la Taifa kabla ya kuteuliwa. Na safari: mheshimiwa akienda ng'ambo na ujumbe wa Bunge, picha ya uwanja wa ndege weka safu ya pili. Safu ya tatu ni ya ripoti ya safari. Ikiwekwa mezani, isome. Isipowekwa, iulizie.

Kumkabili

Ukiwa na kurasa nne tano zilizojaa, unaweza kumwendea. Usibebe daftari lote, utamtisha na atakuletea hotuba. Beba karatasi moja yenye swali moja lenye tarehe. "Mbona hutujali?" ni swali linalojibiwa kwa tabasamu. Likiwa na tarehe, halijibiki hivyo. Likishindikana kwa mdomo, andika barua. Barua ikishindikana, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi rasmi, na ombi hilo linaweza kupitia kwa mbunge au kwa Karani wa Bunge. Hatujafika huko bado, ila nimeshachora mfano wake nyuma ya daftari.

Mwezi uliopita mheshimiwa alikuja kwenye mkutano wetu wa kugawana akiba. Alikuja na masanduku mawili ya soda. Tukanywa. Kisha mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, katibu wetu ana swali dogo." Nikasimama, karatasi mkononi: "Mheshimiwa, karibu sana. Tarehe 20 Juni 2024 ulipiga kura. Tarehe 25 jina lako halipo. Ulikuwa wapi?"

Akacheka, akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama simu. "Mama," akasema, "hilo ni swali zuri. Nitakuletea jibu kwa maandishi."

"Lini, mheshimiwa?"

"Ijumaa."

Nikaandika Ijumaa kwenye safu ya pili, na tarehe yake. Zimepita Ijumaa tatu. Safu ya tatu bado nyeupe.